Mkurugenzi Anaomba Ruzuku

Jina la Mkurugenzi alijipa mwenyewe, na alijipa kwa rangi ya mafuta. Siku alipopangishwa kile kichochoro chenye paa la bati, kati ya saluni ya kinyozi na ukuta wa ghala, alitafuta ubao, akaupiga msasa, akaupaka nyeupe mara mbili, halafu akaandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: HERUFI BORA. MABANGO, VIOO, MALORI. MKURUGENZI NDANI. Ndani yenyewe haikuwepo. Palikuwa na benchi, ngazi, makopo ya rangi na kiti kimoja cha mteja, na mvua ikija kwa ubavu, mteja na mkurugenzi wote wawili walihamia kwa kinyozi. Lakini ubao ulitia fora. Kinyozi, ambaye hajawahi kuuacha mzaha umpite, akaanza kupaza sauti kila asubuhi, "Jamani, Mkurugenzi ameshaingia ofisini?" Wiki haikuisha, mtaa mzima ukadaka. Huu ni mwaka wa kumi na nane, na hata mkewe akielekeza wageni husema, mkifika pale ulizeni kwa Mkurugenzi.

Na tuseme kweli, jina lilimkaa. Mkewe ni mpiga pasi kwa dobi, kwa hiyo mashati ya Mkurugenzi yalinyooka kuliko ya mameneja wa benki. Alitoka nyumbani na shati hilo, akafika kichochoroni, akalitundika kwenye msumari, akavaa ovaroli, na jioni akalivaa tena kurudi nalo. Ukimuuliza kazi zinaendaje, jibu lilikuwa moja tu: "Zinakimbizana." Alilisema hivyo hivyo hata ule mwezi ambao kazi yake pekee ilikuwa kuandika USIEGESHE HAPA kwenye geti la watu, na wenyewe wakamlipa nusu. Siyo kwamba alikuwa mwongo. Ni kanuni ya kazi yake. Mteja akimwona fundi ana macho ya njaa, ama atakata bei mpaka mfupa, ama ataondoka akiamini kwamba fundi asiye na kazi hajui kazi. Kwa hiyo fundi anakufa na tai shingoni, na anatabasamu.

Kanuni hiyo ilimlisha miaka yote. Mwaka huu nusura immalize.

Binti yake mkubwa, wa kwanza kati ya watoto watatu, ambaye nyumbani walimwita Kifunguamimba hata mbele za wageni na yeye akachukia, alijifunza kusoma kwenye mbao za baba yake zilizoharibika. Alijua kutamka TAHADHARI UMEME kabla hajajua kuandika jina lake. Mwaka huu alifaulu vizuri, akachaguliwa kusomea upimaji wa ardhi. Mkurugenzi alifurahi mpaka akawa hashikiki. "Mimi napima herufi, mwanangu atapima nchi," alimwambia kila aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi, na aliyekuwa na wembe shingoni hakuwa na pa kukimbilia.

Ada ya chuo ilikuwa jambo lingine. Binti alipowasomea wazazi wake kile kiasi, mama alimtazama baba, na baba akasema, "Itapatikana," kwa sauti ile ile ya zinakimbizana. Binti anamjua baba yake. Kesho yake akaenda kwa Mama Fotokopi, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, wakajaza pamoja kwenye kompyuta maombi ya msaada wa serikali kwa wanafunzi wa vyuo. Sehemu ya kwanza mwanafunzi, ya pili shule aliyotoka. Ya tatu iliandikwa kwa herufi nzito: ijazwe na mzazi mwenyewe, kwa mkono. Binti akaichapisha, akaiacha juu ya benchi kichochoroni, akapanda gari kwenda kuchukua cheti chake shuleni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mzima alibaki peke yake na fomu, kalamu nzuri, na imani kwamba kuomba pesa serikalini ni sawasawa na kuomba kazi kwa mteja.

Kazi ya mzazi? Akaandika, kwa herufi za kupendeza hata mpiga chapa angeona wivu: Mkurugenzi. Jina la kampuni? Herufi Bora. Idadi ya wafanyakazi? Hapa alifikiri kidogo. Alikuwepo yeye. Alikuwepo mkewe, aliyefua vitambaa vya rangi. Alikuwepo binti, aliyemshikia ngazi wakati wa likizo. Na alikuwepo shemeji yake, mwenye ngazi. Akaandika: wanne. Kipato cha mwezi? Akakumbuka ule mwezi alioandika ukuta mzima wa kiwanda cha sabuni, mwezi ambao haukuwahi kutokea kabla wala haukujirudia baadaye, akaandika hicho. Akasaini kwa mkunjo mmoja mrefu, akampelekea Mama Fotokopi aitume. Mama Fotokopi alikuwa na foleni mpaka mlangoni. Aliipitisha kwenye mashine bila kuitazama, na hilo hajajisamehe mpaka leo.

Majibu yalikuja mchana, siku ya mama kuwa nyumbani. Binti aliyasoma kwenye simu, amesimama katikati ya sebule. "Ruzuku, hakuna," alisema taratibu. "Mkopo, robo ya ada."

Mkurugenzi akapiga kofi paja. "Afadhali! Basi deni moja limepungua."

"Deni gani, baba?"

"Hiyo ruzuku. Ruzuku na mkopo si ndugu? Moja ni deni, nyingine ni deni lililovaa koti."

Binti alimtazama kama anayetazama mtu aliyepita kwenye noti akadhani ni karatasi. "Baba, ruzuku siyo deni. Unapewa. Hurudishi. Mkopo ndio unaorudisha."

"Hurudishi?"

"Hurudishi hata senti."

"Hata nikifa?"

"Baba!"

Mkurugenzi akakaa. Alilitafuna lile neno kimoyomoyo. Maisha yake yote amewasikia watu wakiomba waruzukiwe, na wala haikumpitia akilini kwamba ruzuku ya kwenye karatasi za serikali imetoka tumbo moja na hiyo. "Kumbe ni ile ile ya kuruzukiwa," alisema. "Wameinyima nyumba hii kwa sababu gani?"

Binti akashusha kidole kwenye simu mpaka kwenye sababu. Akasoma: "Mzazi ni mkurugenzi wa kampuni yenye wafanyakazi wanne." Akasoma tena. Halafu kicheko kikamshika, kikamkalisha chini, akacheka mpaka machozi, na mama yake naye akadakia huku ameshika kiuno.

"Hongera, bwana mkurugenzi," alisema mama alipopata pumzi. "Na mshahara wangu je? Miaka yote hii nafua vitambaa hujanilipa!"

Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa ameelewa. Robo ya ada haimfikishi mtu popote, na chuo kilitaka uthibitisho kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Binti naye alipofuta machozi alikuta kwamba machozi yenyewe yamebadilika. Chini kabisa ya barua palikuwa na mstari mdogo: rufaa inapokelewa ndani ya siku kumi, mzazi afike mwenyewe.

Jioni ile binti alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua ya kuthibitisha hali ya nyumbani. Asubuhi, Mkurugenzi alifungua kabati kutafuta suti, na suti haikuwepo.

"Mama watoto, suti yangu?"

"Nimeipeleka kwa dobi."

"Wewe ndiye dobi!"

"Ndiyo maana najua haitarudi leo," alisema mkewe. "Utakwenda na ovaroli. Unakwenda kuomba, mume wangu, huendi kuposa."

Akaenda na ovaroli. Njia nzima alitembea hatua mbili nyuma ya binti yake, na watu waliomsalimia aliwaambia kwamba anawahi kazi mahali.

Ofisi ilikuwa ukumbi mrefu wenye mabenchi yaliyofungwa kwa skrubu sakafuni, kana kwamba kuna aliyewahi kujaribu kuondoka nayo. Kulikuwa na madirisha matatu, na juu ya kila moja karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, herufi zimebanana mwanzoni na kutapakaa mwishoni. RUZUKU. MIKOPO. RUFAA, ambayo A ya mwisho ilikosa nafasi ikaandikwa chini. Wenye ruzuku walikuwa wamepanga foleni ya mikopo, wenye mikopo wamejazana kwenye rufaa, na kila dakika tano mtu alifika mbele akarudishwa nyuma. Mkurugenzi aliumwa na zile herufi kama mtu mwenye jino bovu. Zilimsaidia, kwa kweli, maana alipoitwa alikuwa hajapata muda wa kuogopa.

Karani wa rufaa alikuwa dada mwenye miwani na sauti ya upole iliyochoka. Aliifungua fomu, akaitazama kwa muda.

"Shikamoo, baba. Mwandiko huu ni wako?"

"Marahaba. Ni wangu."

"Mzuri sana." Akageuza ukurasa. "Kampuni yako iko wapi, baba?"

Kushoto kwake amesimama binti yake. Nyuma yake kuna foleni yenye masikio. Angeweza kusema iko karibu na ghala. Angeweza kusema zinakimbizana. Akapiga moyo konde.

"Imesimama mbele yako," alisema.

Karani akainua macho.

"Kampuni ni mimi, mwanangu. Naandika mabango. Nina ngazi, nayo ni ya shemeji."

"Na wafanyakazi wanne?"

"Mimi, mama yake huyu, huyu mwenyewe, na shemeji wa ngazi."

Kwenye foleni mtu aliangua kicheko, halafu wa pili, na karani akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Alipoirudisha alikuwa anatabasamu, na uchovu wote umemtoka usoni. "Ngoja nielewe, baba. Ulitaka kutuonyesha kwamba unaweza."

"Ndiyo. Nani atampa pesa mtu anayelialia?"

"Sisi," alisema karani. "Hiyo ndiyo kazi yetu. Fomu hii haikuulizi una nini, inakuuliza umepungukiwa nini. Ruzuku ni ya yule ambaye nyumbani kwao pengo ni kubwa, na hairudishwi. Ikibaki sehemu isiyozibika, ndipo unakuja mkopo. Huo unarudishwa, lakini anarudisha mwanafunzi mwenyewe, akishamaliza na kupata kazi, kidogo kidogo kila mwezi. Wewe hatukudai. Ukituambia pengo ni dogo, tunakuamini, na ukiumia hatuna habari."

"Kwa hiyo niliandika uongo wa kujikomoa mwenyewe."

"Wako wengi, baba. Wiki iliyopita nilikuwa na mmoja aliyeandika ana meli. Ni mtumbwi, na mtumbwi umetoboka."

Akampa fomu mpya. Safari hii walitaka orodha ya kazi zote za miezi kumi na miwili na jumla yake. Mkurugenzi akatoa kwenye mfuko wa ovaroli kidaftari alichoandikia kila bango na malipo yake, kidaftari ambacho hata mkewe hakuwahi kukifungua, akakishika kwa mikono yote miwili. Ruzuku, mkopo, chuo, vyote vilikuwa upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na jambo moja alilolilinda tangu mtoto huyu azaliwe: kwamba asije akajua ni kidogo kiasi gani.

Akampa binti yake.

Walikaa kwenye benchi. Binti alijumlisha ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikimchezacheza. USIEGESHE HAPA ilikuwemo, nusu malipo. Mwezi wa tatu ulikuwa na mistari miwili. Mwezi wa nne haukuwa na kitu ila tarehe. Akamaliza, akagawa kwa kumi na mbili, akakunja uso, akaanza upya.

"Nimekosea mahali, baba."

"Hujakosea."

"Haiwezekani. Kodi ya nyumba peke yake..."

"Kuna pesa ya mama yako pia. Lakini hujakosea."

Binti alikifunga kidaftari, akakifungua, akaangalia tena ule mwezi wa nne. Ndio mwezi alionunuliwa kikokotoo cha mtihani, kile cha bei, na baba alimletea akiimba. Mkurugenzi alikuwa anatazama sakafu. Alihisi masikio yanamwaka moto.

"Mtu anayeendesha watu watano kwa hizi," alisema binti hatimaye, na sauti ikamkatika katikati, "huyo ndiye mkurugenzi."

"Usiliandike hilo kwenye fomu," alisema baba.

Wakacheka wote wawili, wameegemeana bega kwa bega, na mlinzi akawaambia wapunguze sauti. Mkurugenzi hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alijisikia mwepesi vile. Aliandika fomu yote upya. Kazi ya mzazi: mchora mabango. Wafanyakazi: mmoja. Kipato: kile kile cha kidaftari, bila kuongeza chumvi hata punje. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshawapa barua ya kuthibitisha, aliyoandika huku akicheka peke yake. Karani alipoipokea fomu, Mkurugenzi hakuweza kujizuia.

"Mwanangu, hizo karatasi zenu za juu ya madirisha. Nipe siku moja tu, nitawaandikia, bure."

"Baba, usinitie matatani!" Karani aligonga muhuri haraka. "Nenda nyumbani. Usinipakie rangi hapa."

Siku zilizofuata roho zilikuwa juu. Mama alipiga pasi shuka zilizokwisha kupigwa pasi. Binti alikagua simu mpaka ikaishiwa chaji. Kinyozi, aliyepewa habari yote kwa kuwa hakuna namna ya kumnyima, aliacha kuuliza kama Mkurugenzi ameingia ofisini, akawa anauliza tu, "Bado?" Na kila siku Mkurugenzi akajibu, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, "Bado, na kazi hakuna."

Siku ya nane kazi ilipatikana. Mwenye duka la dawa alitaka jina juu ya mlango, herufi za kijani, kubwa. Mkurugenzi alipiga mistari kwa uzi wa chaki, akapanda ngazi, akaegemeza mkono, akaanza. DUKA LA akaimaliza kabla ya jua kuwa kali. D ikatoka vizuri. A ikatoka vizuri zaidi. Alikuwa anachovya brashi alipomsikia binti yake anapiga kelele kutoka mwisho wa barabara, na kwanza alidhani kuna mtu amefariki.

Mtoto alikuwa anakimbia kwa kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. "Baba! Baba! Yote!"

"Yote nini? Simama uzungumze kama mtu!"

"Ada yote! Ruzuku!" Alishika ngazi kwa mikono miwili, akaitikisa na baba akiwa juu. "Na mkopo wa chumba na vitabu!"

"Hairudi?"

"Ruzuku hairudi! Mkopo nitarudisha mimi!"

"Tutarudisha."

"Mimi, baba. Mkopaji ni mimi. Nimesoma mkataba wote, mstari kwa mstari. Walikuwa wananipa na pesa ya matumizi juu yake, nitaikataa. Nitafundisha watoto hesabu jioni. Nachukua ninachokihitaji tu."

Mkurugenzi alimtazama kutoka juu. Huyu alimbeba mgongoni. Huyu alikuwa anasoma TAHADHARI UMEME huku ananyonya kidole, na sasa anasoma mikataba, anajua la kuchukua na la kuacha, na haogopi. Furaha ikamzidi. Akashuka ngazi bila kufunika kopo la rangi, jambo ambalo fundi wa kweli halifanyi, akamkumbatia binti yake na kumwachia alama ya kijani mgongoni. Wakaenda kwa Mama Fotokopi, ambaye aliwachapia mkataba bure na kuusoma mara mbili kabla ya kuupitisha kwenye mashine. Binti akasaini. Mama akaja mbio kutoka kwa dobi na pasi ikiwa bado inawaka huko nyuma, ikabidi arudi mbio kuizima, halafu akaja tena kulia vizuri.

Kesho yake asubuhi mwenye duka la dawa alikuwa amesimama nje ya mlango wake, mikono kiunoni.

"Fundi! Hii ni nini? Tangu jana watu wanaingia wananiuliza, Duka la Da, Da nani? Mmoja ameomba kuonana naye!"

"Nisamehe, bosi wangu. Binti yangu anakwenda chuo."

"Hongera sana. Lakini mimi nimebakiza herufi mbili."

Mkurugenzi alipanda ngazi. Akachovya brashi, akaegemeza mkono, akavuta pumzi. Alishusha brashi tena. W ina mistari minne, na yote ni ya kulala upande, na mkono wake ulikuwa unatetemeka tangu jana mchana.

"Bosi," alisema, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja wala hajali nani anamwona, "nikiiandika leo itapinda. Nipe mpaka kesho."